Wafupi wa Mzee Yusufu na Koti la Baba

Mwezi uliopita nilipanga chumba Mbeya, juu ya duka la fundi cherehani. Asubuhi ya pili, kabla sijavaa viatu, harufu ilipanda ngazi ikanikuta na kuniketisha tena kitandani. Mafuta ya cherehani. Si harufu kali. Ni nyepesi, ina ubaridi fulani, kama chuma kilicholowa mvua kisha kikapanguswa kwa kitambaa safi. Nimeishi katika miji mingi na nimehama vyumba vingi kwa sababu ndogo ndogo, mara majirani, mara paka wa mwenye nyumba. Chumba cha Mbeya nilikihama siku hiyo hiyo kwa sababu ya harufu. Mwenye nyumba alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, na sikumweleza. Ninyi nitawaeleza.

Harufu hiyo ilisafiri nami kutoka Lubumbashi hadi Johannesburg nilipokuwa na miaka kumi na moja. Baba alikuwa ametutangulia kwa miaka miwili. Alipotuita tumfuate, aliagiza kitu kimoja tu: kichwa cha cherehani yake. Za kule, alisema, haziujui mkono wake. Mama alikifunga kichwa hicho ndani ya vitenge viwili kama mtoto mchanga, na kopo la mafuta akalichomeka katikati ya nguo zangu. Kopo lilianza kuvuja kabla hatujafika mpakani Kasumbalesa.

Tulikuwa njiani siku tisa. Tulivuka Zambia juu ya lori la mbao, tukalala siku mbili katika ukumbi wa kanisa Lusaka, tukapanda basi la kwenda Harare ambalo kioo chake kimoja kilikuwa kimezibwa kwa kadibodi. Pale Chirundu ofisa wa forodha aliamuru vitenge vifunguliwe. Alipoona cherehani alicheka, akalizungusha gurudumu lake mara moja, akasema kwa Kiingereza ambacho mama hakukielewa kwamba mtoto huyu ni mzito. Beitbridge tulisimama kwenye foleni tangu alfajiri hadi jua likashuka. Mama alinishika mkono muda wote huo, na nakumbuka kwamba viganja vyetu viliteleza kwa sababu ya yale mafuta. Yalikuwa yameingia kila mahali, katika shati langu, katika mkate wetu.

Baba alitupokea kituoni akiwa amekonda. Alinikumbatia, akazamisha pua yake shingoni mwangu, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka.

“Mama Ilunga,” alimwambia mama, “mtoto ananuka kazi.”

Chumba chetu kilikuwa Jeppestown, ghorofa ya pili ya jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda. Chini yetu walikuwako wachomelea vyuma. Mchana kutwa cheche zao ziliruka hadi barabarani na vyombo vyetu vilitetemeka rafuni. Baba hakufanya kazi huko. Kila asubuhi alikwenda Fordsburg, kwenye duka la vitambaa la Mzee Yusufu, ambako alipewa meza na dirisha kwenye chumba cha nyuma.

Mzee Yusufu alikuwa Mhindi aliyezaliwa Tanga. Alikuwa mfupi, mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa kwa uangalifu, na alifurahi mno kupata watu wa kuzungumza nao Kiswahili hata akasahau kwamba alikuwa akitukosoa tangu asubuhi hadi jioni. Mimi alinifundisha kumwamkia shikamoo, neno ambalo Lubumbashi hatukuwa na kazi nalo.

“Fundi,” alizoea kumwambia baba, “Kiswahili chenu hiki mmekiokota jalalani?”

“Kwetu kinatosha, Mzee. Tunaomba nacho chakula na chakula kinakuja.”

“Na wake pia mnawaomba nacho?”

“Wake ndiyo wanatuomba sisi.”

Walicheka hivyo kila siku, utani ule ule. Nilikwenda dukani siku za Jumamosi, na Jumamosi mchana, wateja walipopungua, Mzee Yusufu alifunga mlango wa nyuma na kufungua kabati la chuma lililochimbiwa ukutani. Humo walikaa wafupi wake.

Hivyo ndivyo alivyowaita. Zilikuwa bastola kumi na moja za zamani, zote za silinda na zote za mtutu mfupi, nyingine mtutu wake hauzidi urefu wa kidole changu cha wakati ule. Kila moja ililala juu ya kipande cha mahameli ambacho baba alikipinda na kukishona kwa umbo lake. Mbili zilikuwa na rangi ya fedha iliyoanza kubambuka. Moja ilikuwa na mpini wa pembe uliogeuka manjano kama meno ya mvutaji. Aliinunua katika mnada wa vitu vya askari mmoja aliyefariki, na ndani ya mpini huo, alisema, paliandikwa jina la mwanamke ambaye hakuwa mke wa yule askari. Nyingine ilitoka shamba moja la Free State, ikiwa ndani ya kopo la biskuti. Zote alikuwa na karatasi zake, zimekunjwa katika bahasha, kila bahasha na namba. Hakununua bastola mpya hata moja maishani mwake. Mpya, alisema, haina mtu ndani yake.

Sheria yangu ilikuwa kutazama kwa macho, mikono mgongoni. Alimfungua kila mmoja, akanionyesha matundu matupu ya silinda dhidi ya mwanga wa dirisha, kisha akampangusa kwa kitambaa kilichotiwa tone moja la mafuta. Mafuta yenyewe aliyachukua kwenye kopo la baba. Nilisimama pale katikati ya wazee wawili, mmoja akitia mafuta cherehani, mwingine akitia mafuta bastola, chumba kizima kikanuka kitu kimoja, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena katika mji wowote.

Mmoja wa wafupi hakulala kabatini. Huyo Mzee Yusufu alitembea naye. Alikuwa mweusi, mpini wake wa mti umelainika kwa kushikwa, na nyuma hakuwa na kile kidole cha chuma cha kugonga risasi kinachojitokeza kwa wenzake. Kilifichwa ndani ili kisinase kwenye nguo. Hapo ndipo kazi ya baba ilipoingia. Wafanyabiashara wengi wa Fordsburg miaka ile walitembea na silaha, na hakuna aliyetaka ionekane. Mfuko wa kawaida humsaliti mtu: koti huinama upande mmoja, ukosi unavutwa, kitambaa kinachora umbo. Baba alishona mfuko ndani ya mfuko, wa turubai, na kipande cha ngozi kiunoni kubeba uzito, kisha upande wa pili wa pindo akatia risasi ndogo za wavuvi, zile za kuzamishia ndoano, ili koti lisimame sawa. Mtu alivaa koti la baba akaonekana kama anakwenda harusini.

Kupima alihitaji uzito, na sheria haikumruhusu kubaki na bastola ya mteja. Kwa hiyo Mzee Yusufu alimchongeshea kwa fundi wa vyuma kipande kimoja kizito, chenye umbo la mfupi na uzito wa mfupi, bila tundu wala silinda. Baba alikiweka kwenye droo ya meza yake pamoja na chaki na mkasi.

“Siku mtu wa kwanza atakapojua unayo,” Mzee Yusufu aliwaambia wateja wake wakati baba akiwapima, “hesabu kwamba huna tena.”

Nililisikia neno hilo labda mara hamsini. Lilipita masikioni mwangu kama mlio wa cherehani.

Majira ya baridi yalipoingia mwaka wa pili, jirani yetu Papa Mwamba, fundi viatu kutoka Kalemie, aliporwa chini ya daraja la reli. Ilikuwa jioni tu, watu wakitoka kazini. Alirudi bila viatu, mkono umeshika tumbo, na damu ikaacha alama kwenye kila kipandio hadi mlangoni kwake. Alipona, lakini mimi sikupona. Kuanzia siku hiyo nilisimama dirishani kila jioni tangu saa kumi na moja. Giza la Johannesburg wakati wa baridi huwahi. Baba alizoea kutokea kona ya spaza, kiduka cha mtaani kwetu, karibu saa kumi na mbili, na kabla hajatokea sikuweza kumeza kitu. Mama, nyuma yangu, aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na najua sasa kwamba hata yeye hakuwa akiimba kwa furaha. Baba alitukuta hivyo kila siku, mmoja dirishani, mwingine akiimba, bukari, ugali wetu, imepoa mezani.

“Juu ya nini haukuli, papa?” aliniuliza. Kwetu baba humwita mwanawe papa.

“Watakuua.”

Hakunikemea. Alikaa akatazama mikono yake.

Jumapili moja baada ya ibada alivaa koti lake la kahawia na kusimama katikati ya chumba. Koti lilikuwa limeinama upande wa kulia. Si sana. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa fundi, na nililiona mara moja.

“Mzee amenipa mmoja wa wafupi,” alisema. “Musiulize mingi. Musiseme kwa mtu. Sasa watu wakule.”

Aliniruhusu niguse mara moja tu, kwa nje ya kitambaa. Kilikuwa kigumu na kizito. Mama alifunga macho akasema asante Yesu. Jioni ile nilikula hadi nikaumwa tumbo.

Wasomaji wangu, lazima niwaambie hapa jambo ambalo sikulijua wakati ule. Hakukuwa na bastola. Baba alikuwa mgeni mwenye karatasi ya ukimbizi iliyokunjika-kunjika. Nani angempa leseni? Na Mzee Yusufu asingempa mtu silaha nje ya sheria, hata angekuwa ndugu yake wa tumbo moja. Kile kilichokuwa mfukoni ni chuma cha kupimia. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuficha uzito alikaa siku nzima akishona mfuko wa kuuonyesha. Alihesabu kwamba wezi husoma koti kama anavyolisoma yeye, kwamba wakiona limeinama watampisha. Ni kosa ambalo fundi peke yake angeweza kulifanya. Mwizi wa Jeppestown alipoona koti limeinama hakufikiri hatari. Alifikiri: yule ana bastola, na mimi sina.

Mimi shuleni nilikuwa mgeni. Waliniita kwerekwere, tusi lao kwa Waafrika wa kutoka nje, waliiga lafudhi yangu, na aliyeiga vizuri kuliko wote alikuwa Sipho, ambaye kaka zake walishinda mbele ya spaza ya kona yetu wakicheza karata juu ya kreti.

“Baba yako anashona petikoti,” Sipho alisema siku moja, mbele ya darasa zima. “Nimemwona. Anatembea mbio kama kuku.”

“Hatembei mbio.”

“Eish! Anaogopa hata mbwa wa mama Thandi.”

Wakacheka wote, hata msichana niliyempenda. Nilikuwa na Kizulu kidogo, lakini maneno niliyoyahitaji nilikuwa nayo. “Ubaba wami unesibhamu,” nilisema. Baba yangu ana bunduki. Wakanyamaza. Nikaongeza kwa Kiingereza kwamba iko mfuko wa kulia, kwamba anatembea nayo kila siku. Nikafurahia ukimya wao. Sipho akaniambia “sharp,” yaani safi, akanigonga ngumi kwa upole, na siku hiyo nilicheza mpira na wenzangu kwa mara ya kwanza.

Hazikupita wiki tatu.

Sikuwa dirishani. Hilo ndilo ambalo koti lilikuwa limeninunulia: nilikuwa sakafuni nikifanya hesabu za shule, na mama alikuwa akisonga bukari kimya kimya, kama mtu mwenye amani. Aliyekuja kutuita ni mwanamke aliyechoma mahindi karibu na daraja. Vijana wawili walimsimamisha baba, alisema, wakamwambia atoe bunduki. Si pesa. Bunduki. Baba alitikisa kichwa, akarudia neno moja ambalo yule mama hakulijua maana yake, akatuigizia tu lilivyosikika: “Haiko, haiko.” Halafu akatia mkono mfukoni ili awaonyeshe kwamba ni chuma tu. Walipouona mkono unaingia mfukoni, wakampiga risasi.

Alikuwa amekufa tulipofika. Mahindi yalikuwa bado yanaungua kwenye jiko, na hakuna aliyeyaondoa.

Siku ya tatu polisi mmoja alileta vitu vyake katika mfuko wa nailoni: funguo, futi ya kupimia, Agano Jipya dogo, na kile chuma. Mama alikigeuza mkononi. Nilikijua papo hapo, kwa maana nilikuwa nimekiona mara nyingi kando ya chaki. Tulitazamana mimi na mama, kisha akakirudisha katika nailoni. Mimi nilikuwa na jambo la kusema. Nililimeza.

Mzee Yusufu alikuja matangani, akapanda ngazi zetu kwa shida, akakaa kwenye kreti kwa sababu viti vilikuwa vimejaa. Wanaume wa Kikongo walimtolea nafasi. Alikataa chai.

“Mama Ilunga,” alisema, “mimi nililiona lile koti.”

Mama alimgeukia.

“Nililiona limeinama. Nikamwambia, fundi, una nini mfukoni? Akaniambia, mkasi, Mzee. Nilijua si mkasi. Nimeishi na wafupi miaka thelathini, nitashindwa kujua uzito wao? Nilinyamaza ili nisimtie haya.” Alishika ndevu zake. “Nilinyamaza ili nisimtie haya, mama.”

Akalia mbele ya watu wote, mzee yule, bila kujificha. Baadaye tulisikia kwamba aliwafungasha wafupi wake wote kumi na mmoja, na yule wa mfukoni, pamoja na bahasha zao, akawapeleka kituo cha polisi na kuomba waharibiwe. Ofisa mmoja alimshauri awauze, kwa kuwa wapo watu wanaotafuta vitu vya namna ile. Alikataa. Nilipomtembelea mwaka uliofuata kabati la chuma lilikuwa wazi, limejaa uzi wa rangi rangi. Aliniuliza kama nasoma. Sikumwambia chochote.

Mama alijifunza kusuka. Alipata kiti katika saluni ya mwanamke wa Bukavu, akasuka vichwa vya watu miaka saba, nami nikasoma hadi nikamaliza sekondari. Tuliishi chumba kile kile. Nilikuwa mtoto mtiifu kupita kiasi, na mama akawa mama mpole kupita kiasi. Hakunipiga tena wala kunigombeza, hata nilipostahili. Nilidhani ananihurumia kwa kukosa baba. Kuna siku nilimkuta amekaa anakitazama kichwa changu kutoka nyuma, na nilipogeuka akageuza macho. Nilijua kwamba amejua. Nilikuwa na uhakika kuwa watu wa spaza wamemwambia nilichosema darasani, na kwamba ananisubiri nikiri. Miaka saba nilisubiri anishtaki.

Nilipofika miaka kumi na tisa sikuweza tena. Nilipata kazi ya kupakia mizigo kwenye malori ya kwenda Msumbiji, na niliamua kwamba nikivuka mpaka sitarudi. Asubuhi ya kuondoka mama alinikaangia mayai. Begi lilikuwa mlangoni. Nilisema nikiwa nimesimama, haraka, kama mtu anayetapika.

“Mama, ni mimi. Nilisema shuleni. Nilimwambia Sipho kwamba Papa ana bunduki, nikamwambia hata mfuko. Ni mimi niliyemwua.”

Alizima jiko. Alikaa kitandani polepole, akishika godoro kwa mikono miwili.

“Lini?”

“Kabla. Wiki tatu kabla.”

“Yesu wangu,” alisema. “Mwana yangu. Mimi nilifikiri ni mimi.”

Sikuelewa.

“Wanawake wa bombani,” alisema. “Walinicheka, eti bwana yangu ni mdogo, mwivi atamubeba kama kuku. Nikawaambia, mumuguse muone, anatembea na bastola. Nilisema kwa sauti, Ilunga. Yule mama ya vijana wa karata alikuwa pale anafua. Kila siku nilikuwa naangalia kichwa yako, najiuliza, huyu mtoto akijua, atanisamehe?”

Tulilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu matanga. Mayai yalipoa. Lori lilikuwa linaondoka saa nne, na nilitaka kubaki, nawaambieni ukweli, nilitaka kuvua viatu na kubaki. Lakini alinifunga zipu ya begi mwenyewe. “Nenda,” alisema. “Hapa tutakuwa tunaangaliana tu.” Alinisindikiza hadi kwenye robot ya kwanza, kama kule wanavyoziita taa za barabarani, akasubiri taa ibadilike, akanisukuma mgongoni kidogo nivuke. Nilipogeuka upande wa pili magari yalikuwa yamepita kati yetu.

Mama alirudi Lubumbashi baadaye na amezikwa huko. Sikurudi Johannesburg.

Katika miji yote hiyo nimejaribu kuhesabu ni neno la nani lililofika kwa wale vijana, langu au la mama, au kama hawakuhitaji neno lolote, walitazama tu koti. Siku hizi nimeacha kuhesabu. Ninachofikiria ni zile wiki chache kabla, ambazo ndani yake sisi wawili tulikula na tukalala usingizi. Nyumba nzima iliamini kwamba baba ana kitu mfukoni, isipokuwa yeye. Kila jioni alipita chini ya daraja lile akijua hana kitu, na kila jioni alipofungua mlango alitukuta tunacheka, akavua koti, akaliangika taratibu ili lisigonge ukuta, akaja kukaa mezani.